Mwaka Mwalimu Alipokataza Utani

Msiba wa Mwalimu Kamugisha ulinikuta nimechoka. Sisemi uchovu wa siku ile peke yake, ingawa nilikuwa nimesimama darasani tangu asubuhi na miguu imevimba. Nasema ule uchovu wa mwalimu mtu mzima, unaolala nao na kuamka nao, ambao hata likizo haiutoi. Nyumba yake ya Bombambili nilikuwa naijua vizuri. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, na mwongozaji wa shughuli, kijana mwenye suti nyeusi, alikuwa akisoma ratiba kwenye kipaza sauti: wasifu wa marehemu, salamu za ofisi, salamu za kwaya, kuaga. Mambo yalikwenda vizuri mno. Mjane alikaa ndani kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi, akiangalia ukuta. Hakuwa amelia, na wanawake waliomzunguka walikuwa wamenyamaza kwa adabu. Niliketi karibu na mlango huo nikawa natafuta mtu mmoja tu kwa macho. Nilitaka kujua kama Editha Ngonyani atakuja, na akija, kama bado anakumbuka ahadi aliyoitoa tukiwa watoto.

Kwa nini sisi Wahehe tulikuwa tunaishi Songea ni habari ndefu, siisimulii hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka tulioingia kidato cha kwanza, darasani kwetu Mhehe nilikuwa mimi peke yangu katikati ya Wangoni, na Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukabaki kutukanana kwa kicheko, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Editha alikuwa Mngoni wa Mpitimbi, tukakalishwa dawati moja, na hatukuwahi kusalimiana kama watu wengine. "Mhehe, umeamka, au ulanzi wa jana bado unakuzungusha?" ndiyo ilikuwa shikamoo yake kwangu. Nami nilimjibu: "Nyamaza wewe. Babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu, walipofika hapa pumzi zikawaishia, wakasema basi, hapa ndiyo nyumbani." Tulicheka, tukafungua madaftari, na siku ikaanza. Sijui nieleze vipi kwa vijana wa sasa, lakini asubuhi ambayo Editha hakunitukana nilijua ana homa.

Mwalimu Kamugisha alifika muhula ule ule kutoka Bukoba, bado ananukia chuo. Alikuwa mwembamba, anavaa koti hata jua likiwaka, na alikuwa na leso nyeupe aliyoikunja mara nne kila alipomaliza kufuta chaki mikononi. Alifundisha jiografia, na Ijumaa, kipindi cha mwisho, alipewa kitu kipya kilichoitwa malezi. Walimu wengine walikikimbia kipindi hicho kama ukoma; yeye alikishika kwa mikono miwili. Alituambia tupange madawati kwa mduara, jambo ambalo hatukuwahi kuliona maishani, akabandika ukutani karatasi ya manila yenye sura alizozichora mwenyewe: ya furaha, ya huzuni, ya hasira, ya woga. Ile ya woga ilifanana na mkuu wa shule, ingawa nadhani hakukusudia. Kisha akazunguka akituuliza mmoja mmoja, "Unajisikiaje leo?" Tukajibu mmoja mmoja, "Vizuri, mwalimu." Kulikuwa na kijana mmoja shavu limevimba kwa jino, jicho halifunguki. Naye alisema vizuri, mwalimu.

Hatukuwa tunamdanganya. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, shida utaitoa baadaye ukikaribishwa kiti. Yeye alitaka shida itangulie. Siku moja Saidi wa Lusewa, ambaye alipanga chumba na kujipikia, aliulizwa akasema, "Nina njaa, mwalimu." Darasa zima lilicheka. Mwalimu Kamugisha hakucheka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa punje ya kahawa iliyokaushwa, zile za kutafuna ambazo mama yake alimtumia kutoka Bukoba, akampa kwa mikono miwili kama wanavyompa mgeni huko kwao. "Asante kwa kusema kweli," akamwambia. "Ni chungu, lakini itakuamsha." Saidi alitafuna sura ikamkunjamana, na baada ya kipindi aliitwa kando akapelekwa kula nyumbani kwa mwalimu. Kuanzia hapo wachache walianza kusema, na kila aliyesema kweli alipata punje yake. Mimi mwaka ule wote sikupata hata moja. Nikiulizwa nilisema vizuri, na ukaidi wangu wa Kihehe ukanishika palepale.

Ofisi ya walimu ilikuwa na dirisha lililopasuka kioo, na aliyetumwa maji alisikia kila kitu. Nilimsikia mwalimu wa hesabu akisema, "Kamugisha, unawafundisha watoto kulia. Kulia wanajua, wafundishe kujumlisha." Wenzake wakacheka, vikombe vikagongana. Yeye akajibu taratibu, "Kulia hawajui. Wanajua kunyamaza." Siku hizi naketi kwenye ofisi kama ile, na kipindi cha malezi ni changu. Nimehudhuria semina zake, nimevaa kitambulisho shingoni, nimekula chapati na chai ya maziwa, nimepewa kitabu kinene cha kusaidia watoto kuzitambua hisia zao. Naingia darasani, nawauliza wanajisikiaje, wanasema vizuri, nami nashukuru kimoyomoyo kwa sababu sina nguvu ya kusubiri jibu la pili.

Lakini hata yeye alikosea, na kosa lenyewe lilitugusa sisi. Ijumaa moja alimsikia Editha akiniambia kwamba Wahehe tunaoga tukiona harusi, nami nikimwambia kwamba Wangoni wakiona maji wanadhani ni pombe yao ya komoni imekosa kimea. Alisimama, akaikunja leso. Akatuita mbele chini ya ile karatasi ya sura, akasema kwamba kumdhihaki mtu kwa kabila lake ni kumjeruhi, na jeraha la maneno halionekani. Tukamwambia ni utani, mwalimu. Neno alilijua, nani nchi hii asilijue? Ila alidhani ni mambo ya wazee vilabuni, na kitabu chake kilisema dhihaka ni dhihaka. Alituamuru tuombane radhi tukishikana mikono. Editha akasema, "Nisamehe, Oliva." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina, na niliona aibu kama vile amenivua nguo. Kisha mwalimu akaandika kwa wino mwekundu chini ya sura zake: HAKUNA KUMCHEKA MWENZAKO. Jumatatu yake Editha aliniambia habari za asubuhi. Nikamwambia nzuri. Tukafungua madaftari.

Tuliendelea kupendana, lakini tulipendana kwa adabu, na adabu ilituchosha. Nilizoea kwenda naye chumbani kwake baada ya masomo. Kilikuwa chumba cha tofali za kuchoma nyuma ya kanisa, na ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, ndoo ya maji, jiko la mkaa na kiroba cha unga ambacho mama yake alikileta mwenyewe kutoka Mpitimbi. Tulipika ugali na maharage tukala kwenye sufuria moja. Mama yake alikuwa mnene, nyonga moja ilimuuma na alitembea akilalia upande wa kushoto, mkono kiunoni. Akifika hakusalimia mtu. Alitua kiroba, akainama, akakamata mguu wa binti yake. "Hivi visigino ni vya nani? Vya kwangu sivitambui." Editha alisuguliwa visigino kwa jiwe huku akipiga kelele, halafu mama akanigeukia. "Na wewe Mhehe, umekula? Maharage yangu huyahesabu, unayafuta tu." Ndani ya chumba kile sheria ya wino mwekundu haikufika, na mama alipokuwepo tulicheka kama zamani.

Alifariki mahindi yalipoanza kukauka shambani. Aliugua ghafla, na habari zilipofika shuleni Editha aliondoka na mjomba wake bila kuaga. Mwalimu Kamugisha alilipeleka darasa letu msibani kwa lori la kuni la shule. Njiani alitusihi tuwe wapole, tusiseme mengi, tukae tu na mwenzetu. Tulimkuta Editha amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, macho makavu. Aliangalia miguu yake. Shangazi yake, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alinong'ona na wenzake kwamba mtoto hajalia tangu jana, hali, hasemi, na kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoharibika kichwa. Wanaume walikuwa bado wanachimba kaburi nyuma ya mahindi. Kisha shangazi akapaza sauti, amekasirika kweli. "Watani wako wapi? Marehemu huyu amekosa nini hata azikwe bila watani?"

Watani walikuwa mimi. Nilitazama huku na huku nikitumaini kumwona Mhehe mtu mzima, hayupo. Niliwahi kumwona mama yangu mkubwa akiifanya kazi hii kwenye misiba ya Wangoni mjini: mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, humsema mabaya mpaka wafiwa wacheke, kwa sababu ndugu hawezi kufanya hivyo, anaweza mtani peke yake. Niliwahi kuona, sikuwahi kufanya. Na mwalimu alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, leso mkononi. Halafu nikaona khanga ya mama yake Editha kwenye kamba ya nguo, ile aliyokuwa akifungia kiroba cha unga, na miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikaivaa, nikaweka mkono kiunoni, nikalalia upande wa kushoto, nikaingia hivyo mpaka kwenye mkeka. "Wangoni bwana! Hata kufa mnasubiri mahindi yakauke, ili watani tuje tuwavunie." Mtu mmoja akaguna. Nikainama, nikamkamata Editha mguu. "Na hivi visigino ni vya nani? Mimi naondoka, wewe unabaki na visigino hivi? Nani atavitazama?"

Aliniangalia. Mdomo wake ukacheza, akacheka, kicheko kimoja kikubwa cha zamani, na katikati ya kicheko sauti ikavunjika. "Mama!" Akaanguka mapajani mwangu akalia mpaka mkeka ukalowa, na wanawake wote wakaanza kulia naye. Hapo nikahisi mkono umenishika bega. Mwalimu Kamugisha alinivuta nje mbele ya watu wote, uso umemwiva. "Umefanya nini, Oliva? Sijawahi kuona ukatili kama huu." Kabla sijajibu, shangazi alikuwa amekwisha kutuzibia njia.

"Mwalimu, mtani wetu unampeleka wapi?"

"Samahani sana, mama. Mtoto huyu amekosa adabu. Nitamwadhibu."

"Adabu ipi? Tangu jana tunamlilia mtoto alie, hajalia. Umemsikia sasa?" Kilio cha Editha kilisikika mpaka barabarani. "Kwenu huko nani anawafungua wafiwa?"

Mwalimu akaikunja leso. "Kwetu tunakaa kimya," akasema.

"Hapa umeingilia kazi ya mtani, na mwenye kosa hilo anatozwa. Mpeni jembe."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Alikabidhiwa jembe, akavua koti, akashuka kaburini na viatu vyake vya kung'aa. Nilimwona akichimba. Alichimba vibaya, wanaume wakamtania kwamba jiografia ameisoma ya juu tu, ya chini hajafika, naye hakujitetea. Nilipotaka kuivua khanga, shangazi alinikatalia. Nikaivaa mpaka tulipomaliza kuzika.

Nilidhani yameisha. Editha hakurudi shuleni. Wiki zikapita, dawati likabaki na upande mtupu, na Saidi akaleta habari kwamba hatarudi tena: ndugu wameamua abaki awalee wadogo zake, shule basi. Hakuna aliyeshangaa. Wangapi walikwisha kuondoka hivyo? Ijumaa ile mwalimu aliingia darasani, akaenda kwenye karatasi yake, akaikata kwa wembe ile sehemu ya wino mwekundu. Kisha akaketi kwenye dawati, upande wa Editha, akasema, "Nifundisheni utani. Nataka kuujua wote, tangu mwanzo mpaka mwisho." Tukamfundisha. Sijawahi kuliona darasa likisema namna ile, kila mtu amesimama, na wavulana wakaigiza. Tulimweleza habari za msiba, na za siku ya kuanua matanga, ambapo mtani hupita nyumbani akachukua anachotaka, na wafiwa hawamzuii, wakikitaka kitu chao wanakikomboa.

"Anaruhusiwa kuchukua nini?" akauliza.

"Kuku, mwalimu. Sufuria. Chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

Alinigeukia. Nikamwelewa.

Siku ya kuanua matanga tulikwenda Mpitimbi yeye, mimi na Saidi. Mahindi yalikuwa ghalani tayari, komoni imepikwa, watu wamechangamka. Nilizunguka ile nyumba nikitukana kila nilichokiona, nikanusa vyungu, nikasema Wangoni wanaficha nyama. Shangazi akanipa kuku. Nikakataa. Akanipa sufuria nzuri yenye mfuniko. Nikakataa. Nikaenda jikoni, Editha alikuwa anapuliza moto, mtoto mdogo amemfunga mgongoni. Nikamshika kiganja nikamtoa nje mbele ya wote. "Nachukua huyu," nikasema.

Shangazi akasema, "Huyo hapana, Mhehe. Huyo ana wadogo."

"Mtani hakatazwi, shangazi. Mkimtaka mje mumkomboe."

"Tumkomboe kwa kitu gani?"

"Kwa cheti cha kidato cha nne."

Niliogopa, kwa sababu wangekataa tu nisingekuwa na la pili, na Editha angerudi kwenye moto ule mpaka siku ya kuolewa kwake. Baba yake, mtu asiye na maneno, alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Mtani ameshachukua," akasema. Shangazi akapiga makofi, akaketi chini kwa kicheko, akajifuta macho. "Mmenishinda. Wadogo zake nitakaa nao mimi. Lakini wewe Mhehe, huyu akirudi na mimba, nitakuja nikuvune wewe." Akamfungua mtoto mgongoni kwa Editha akambeba mwenyewe. Mwalimu Kamugisha alikuwa amesimama nyuma ya ghala, anajifuta uso kwa ile leso, na safari hii hakuikunja.

Ijumaa iliyofuata Editha alikuwa dawatini. "Sogea, Mhehe, unanuka kuku uliyemkataa," akaniambia, na siku ikaanza. Kipindi kilipokaribia kwisha mwalimu alituambia, nusu kwa mzaha, kwamba yeye akifa Songea atazikwa kimya, maana Mhaya hana mtani mji huu. Editha alisimama. "Nitakuwa mimi, mwalimu. Ila usife kabla sijamaliza kidato cha nne, sitakuwa na nafasi." Darasa liligwaya, nani alithubutu kumwambia mwalimu hivyo? Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, akaingiza mkono mfukoni, akampa punje.

Editha alifika msibani salamu za kwaya zikiendelea. Sasa ni mkunga wa zahanati huko upande wa Namtumbo, amenenepa, na ninaapa nyonga ile ya kushoto imeanza kumsumbua. Alipita kwenye viti bila kusalimia mtu, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la marehemu, leso nyeupe mkononi. Akaikunja mara nne. Kipaza sauti kikanyamaza.

"Mama, samahani, ratiba," akaanza yule mwongozaji.

"Wewe, unajisikiaje leo?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Vizuri."

"Mwongo. Hupati kahawa."

Wanafunzi wa marehemu wa miaka yote, waliojaa mle turubaini na upara wao na mvi zao, waliangua kicheko. Ndugu mmoja kutoka Bukoba alisimama kwa hasira, lakini sauti ya mjane ikatoka ndani: "Mwacheni." Editha alitembea kwa mwendo wa marehemu, akajitazama viatu, akasema, "Nilikuja kuwafundisha Wangoni kulia, wakanipa jembe. Nimekula ugali wao mpaka leo, na bado nasema chakula ni ndizi." Akaenda mpaka mlangoni. Mjane alikuwa anacheka ameshika tumbo, halafu kile nilichokijua kikafuata, akalia kwa sauti kubwa, na wale wanawake waliokuwa wamenyamaza wakamkumbatia.

Editha akageuka, akanikuta pale pembeni ya mlango. Akanisimamia, koti linamning'inia.

"Na wewe Oliva. Unajisikiaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la miaka yote. Nilimtazama, nikatazama lile koti lililochakaa kwenye mifuko.

"Nimechoka, mwalimu," nikasema.

Hakucheka. Aliingiza mkono mfukoni, akapekua, na nadhani hata yeye alishangaa alipokuta zimo. Akanipa punje moja kwa mikono miwili. Niliitia mdomoni nikaitafuna, na ilikuwa chungu.